Dirisha Linalopanda

Malalamiko kuhusu kihariri chetu cha maandishi yalikuwa ya kila namna, lakini niliyoyapenda kuliko yote ni yale ambayo wenzangu waliyakimbia: dirisha halirudi lilipoachwa. Wao waliyaona mambo ya urembo. Mimi niliona kwamba mtu anayeandika kutwa nzima huweka dirisha lake mahali kwa sababu zake, na si kazi yetu kumhamisha.

Lalamiko la Tanga ndilo lililonikamata. Mama mmoja, mhariri wa vitabu vya shule, alipiga simu: "Mwanangu, dirisha lenu linapanda. Kila nikifungua limepanda kidogo, sasa hata kichwa chake sikioni."

"Pole, mama. Bonyeza Alt na Space kwa pamoja, halafu M, kisha mshale wa chini."

Likashuka. Kesho yake likaanza kupanda tena.

Kwenye kompyuta zetu halikusogea hata pikseli moja. Nikaifanya programu iandike pembeni namba inazohifadhi inapofungwa na zile inazosoma inapofunguliwa. Zikawa sawasawa, na mwenzangu akataka tufunge jalada. Nikamwomba mama anitumie picha ya skrini nzima. Ule mkanda wa Windows wenye saa na kitufe cha Start, ambao kwetu sote ulikaa chini, yeye aliuweka juu. Nikaupandisha wangu, na dirisha likaanza safari: pikseli 40 kila mara, kimo kilekile cha mkanda.

Chanzo kilikuwa kwenye msimbo tulioukuta. Ulisoma mahali pa dirisha kwa GetWindowPlacement, inayohesabu kuanzia ukingo wa eneo la kazi, yaani skrini ukiondoa mkanda. Kisha ukalirudisha kwa SetWindowPos, inayohesabu kuanzia kona ya skrini yenyewe. Ni kama mafundi wawili wanaopima kiwanja kimoja, huyu akianzia barabarani, yule akianzia kwenye ua. Mkanda ukikaa chini vipimo hivyo viwili hulingana, ndiyo maana walioandika msimbo huo hawakuona kitu. Tukarudisha dirisha kwa SetWindowPlacement, na kupanda kukaisha.

Mengine yalikuwa mepesi. Windows ikikunja dirisha hulipeleka kwenye -32000, -32000, nje ya kila skrini. Programu ikihifadhi namba hizo, kesho itafunguka pasipoonekana. Kijana mmoja wa timu akapendekeza tukatae kila namba hasi. Nikampinga: aliyeweka skrini ya pili kushoto kwa ile kuu ana namba hasi za halali kabisa. Cha kuuliza ni kama mstatili uliohifadhiwa unagusa skrini yoyote iliyopo sasa, na MonitorFromRect hulijibu swali hilo kwa mstari mmoja.

Tulipohamia Linux nikakutana na Wayland, mfumo wa madirisha ambako programu haiambiwi dirisha lake liko wapi wala hairuhusiwi kuliweka itakako. Nilibisha sana, kisha nikazoea. Kuzoea si kupenda. Huko tulihifadhi ukubwa tu, na kile kisanduku cha "Kumbuka mahali pa dirisha" nikakiondoa kwenye mipangilio, ingawa meneja alitaka kibaki ili orodha ifanane na ya Windows.