Pamba na Hadubini
Mama yule alikuwa amelipaka baka la mkononi dawa ya fangasi kwa miezi mingi. Nilikwangua magamba, nikayatia potasiamu haidroksaidi, nikatazama kwa hadubini. Nyuzi za fangasi hazikuwepo.

"Mama, fumba macho. Nikikugusa, onyesha kwa kidole."

Pamba ilipogusa ngozi nzima, kidole kilifika. Ilipogusa baka, alikaa kimya akisubiri nianze.

Tulichanja ndewe ya sikio, tukatia rangi majimaji yake. Hapakuonekana bakteria hata mmoja. Ukoma wa mabaka machache mara nyingi huwa hivyo: maabara haioni kitu, ila ngozi imekufa ganzi.

Nilimweleza kuwa vidonge vya miezi 6 vinauponya. Hakuuliza kuhusu vidonge. Aliuliza kama bado anaruhusiwa kumbeba mjukuu wake.

"Mbebe, mama."