Ubao wa Baharini Uliotengenezwa Johannesburg

Johannesburg haina bahari. Mji huu ulizaliwa na dhahabu mwaka 1886, takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Ukitaka kulowesha miguu kwenye maji ya chumvi, unaendesha gari kilomita 570 hivi hadi Durban. Ndiyo maana nilicheka mwanangu wa miaka 15 aliponiambia anatengeneza ubao wa kuteleza mawimbini, kwenye gereji ya jirani.

Jirani ni mzee wa Kizulu aliyekulia Durban. Mwanangu humwita Baba, kama ambavyo angemwita kwetu Lamu. Kiini cha ubao ni lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni. Resini ya poliesta huliyeyusha, kwa hiyo hutumika epoksi. Lakini povu lile ni punje zilizobanana, na kati ya punje mna nafasi. Ukitandika kitambaa cha nyuzi za kioo moja kwa moja, povu hunywa resini: kitambaa hubaki kikavu na ubao huwa mzito. Kwanza uso uzibwe kwa epoksi iliyokorogwa na unga mwepesi wa vitufe vya kioo, kisha ukwanguliwe ubaki utando tu.

Mara ya kwanza alipaka asubuhi ya Julai, baridi kali. Jua lilipopiga bati la gereji, hewa iliyo ndani ya povu ikatanuka na kutoka kupitia resini. Uso ukajaa matundu. Alirudi nyumbani kimya, akakataa kula. Nikaona vipele mikononi. Alifanya kazi bila glavu. Mimi ni muuguzi. Nilimweleza kwamba mwili ukishaikataa epoksi, mzio huo unaweza kudumu maisha, nikampa glavu za naitrili.

Nilitaka kumwambia aache. Badala yake nikamsimulia habari za babu yangu, fundi wa majahazi, aliyeshindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao ili maji yasipenye. Kazi hiyo huitwa kalafati.

"Kumbe kuziba ni kazi yetu, Mama?" akauliza, kwa Kiswahili. Kwa mwaka mzima alikuwa akinijibu kwa Kiingereza.

Mara ya pili waliwasha hita mchana kutwa, jioni wakaipunguza kidogo ndipo wakapaka. Povu linapopoa, hewa hunywea na resini huvutwa ndani. Uso ukatoka laini.

Desemba tuliteremka Durban. Baba alikuwa ametoboa kitundu chenye skrubu kwenye ubao, kwa sababu kanieneo ya hewa huku juu ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani. "Mkirudi, kabla hamjapanda Van Reenen, ifungueni," alituonya, "la sivyo hewa itavimbisha ubao."

Mwanangu alianguka majini mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Ubao haukuingiza maji. Chini yake, kwa kalamu ya wino mweusi, alikuwa ameandika neno moja: Kalafati.