Katuni Tulizozitazama kwa Jirani

Kila kizazi kina hadithi zake za jioni. Nkambo zetu walizisikia karibu na moto. Wazee wengine waliziona kwenye shuka jeupe la sinema ya misioni. Sisi tuliozaliwa Lubumbashi karibu na mwaka 1990 tulipata nyingi ndani ya sanduku la televisheni. Watu wazima huona haya kusema hivyo, wakifikiri kwamba katuni ni upuuzi wa watoto. Sisi hatuoni haya. Leo tuna watoto wetu, tena twafundisha watoto wa wenzetu, na kila mara wazazi hutuuliza: mtoto atazame nini, pamoja na nani, kwa muda gani? Haifai kujibu bila kukumbuka kwanza yale tuliyoyatazama sisi wenyewe.

Mkeka na mkalimani

Siku zile si kila lupango ulikuwa na televisheni. Katika njia yetu zilikuwa mbili, na moja ilikuwa mgonjwa: ilitoa sauti bila sanamu. Basi watoto wote tulikwenda kwa mama mmoja, mke wa fundi wa reli. Sheria zake zilikuwa tatu: kunawa miguu bombani, kuacha kandambili mlangoni, na kutopigana. Wadogo walikaa mbele juu ya mkeka, wakubwa nyuma, na waliochelewa walisimama nje dirishani, wameshika vyuma. Tulipata kuwa watoto thelathini katika chumba kimoja, na joto lake twalikumbuka hata leo.

Katuni karibu zote zilisema Kifaransa, nasi wadogo tulikuwa bado hatukijui. Kijana mmoja wa darasa la sita akawa mkalimani wetu. Alisimama kando ya televisheni akayageuza maneno kwa Kiswahili cha kwetu, upesi upesi, asije akaachwa nyuma. Asipofahamu neno, alilitunga. Baadaye, tulipokwisha kujua Kifaransa, tuliona kwamba mashujaa wetu hawakusema kamwe baadhi ya maneno tuliyoyashika kwa moyo. Yalikuwa ya mkalimani.

Na umeme ulipokatika katikati ya hadithi, jambo la kila juma, hatukurudi nyumbani mara moja. Mama aliwasha taa ya mafuta, naye mkalimani akaimaliza hadithi kwa akili yake. Mtoto aliyekuwa na mwisho mwingine aliruhusiwa kuusema, na wenzake wakahukumu upi ni bora. Hivyo hadithi iliyochorwa Japani ilikwisha kama hadithi ya nkambo.

Mdogo amshinda mkubwa

Katuni moja haikuhitaji mkalimani: ile ya paka Tom na panya Jerry. Ilianza Marekani mwaka 1940, kwa kazi ya William Hanna na Joseph Barbera. Katika filamu ya kwanza paka hakuitwa Tom, aliitwa Jasper. Hadi mwaka 1958 mabwana hao wawili walitengeneza filamu fupi 114, na saba kati yake zilipata tuzo ya Oscar. Maneno ni machache sana ndani yake, maana kazi ya kusema ilikuwa ya muziki, aliouandika Scott Bradley. Paka akinyata, muziki hunyata pamoja naye. Akianguka ngazini, muziki huanguka naye kidato kwa kidato. Ndiyo maana nkambo wa nyumba ile, asiyejua neno moja la Kifaransa, alicheka kuliko sisi. Alisema: “Wajukuu, huyu ni Kabuluku tu. Wamemvika ngozi ya panya.”

Naye alisema kweli. Kabuluku ni yule swala mdogo wa hadithi za Waluba, anayewashinda wakubwa kwa akili. Tena mtu asidhani kwamba katuni ziliingia Kongo pamoja na sisi. Katika miaka ya 1950 Padri Alexandre Van den Heuvel, mmisionari wa Scheut, alitengeneza filamu za kuchorwa juu ya swala wa namna hiyo, kwa jina la Mboloko. Miaka ile ile huko Luluabourg, mji uitwao leo Kananga, Padri Albert Van Haelst alitengeneza filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa baadaye, mwaka 1966. Kumbe sisi hatukuwa watoto wa kwanza wa Kongo kukaa chini na kucheka mbele ya sanamu zinazokwenda.

Kiwanja kisicho na mwisho

Wavulana, na wasichana si wachache, walingoja hasa saa ya Olive na Tom. Kwao Japani jina lake ni Captain Tsubasa. Yoichi Takahashi alianza kuichora mwaka 1981 katika gazeti la vijana. Mwaka 1983 ikaingia katika televisheni, ikafika vipindi 128. Wafaransa waliipokea mwaka 1988, wakabadili majina: Tsubasa Ozora akawa Olivier Atton, kipa Genzo Wakabayashi akawa Thomas Price, na Kojiro Hyuga akawa Mark Landers. Jambo moja lilituchekesha daima: kiwanja chao hakikuwa na mwisho. Mchezaji alikimbia, akakimbia, hata goli likatokea kwa mbali kama jua la asubuhi. Na mpira uliopigwa leo uliingia golini kesho.

Lakini tulishika na mengine. Landers hakuwa na baba. Baada ya masomo alifanya kazi ndogo ndogo ili kumsaidia mama yake na wadogo zake. Wengi wetu tuliuza makala, karanga na maji baridi, na hapo tuliona kwa mara ya kwanza mtoto mchuuzi akiwa mtu mkubwa wa hadithi. Zamani, katika mpira wetu wa mifuko na kamba, aliyewekwa golini ni yule asiyejua kucheza. Baada ya kumwona Thomas Price tuligombania goli. Na mwezi wa Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipofika fainali ya kombe la dunia la vilabu huko Abu Dhabi, naye kipa Robert Kidiaba akarukaruka kwa matako juu ya majani, sisi hatukushangaa kwamba kipa aweza kupendwa na mji mzima.

Wala si sisi tu. Fernando Torres, aliyekuwa mshambuliaji wa Hispania, ameeleza kwamba katuni hiyo ilimvuta kwenye mpira. Mwaka 2004 Wajapani walibandika picha ya Tsubasa juu ya magari ya maji waliyoyatoa huko Samawah, katika Iraki. Walijua kwamba watoto wa huko wangemtambua.

Askari ndani ya damu

Hadithi nyingine ilitufundisha kuliko ubao wa shule. Mfaransa Albert Barillé aliitoa mwaka 1987, vipindi 26, juu ya mwili wa binadamu. Ndani yake chembe nyekundu za damu ni watu wanaotembea mistari mistari, wamebeba hewa safi mgongoni kama mapovu. Chembe nyeupe ni askari wanaolinda. Vijidudu vya ugonjwa ni wanyang'anyi wenye sura mbaya. Na mzee mmoja mwenye ndevu ndefu hufafanua yote kwa upole.

Tulipopata homa, tulilala tukiwaza vita vile vinavyopiganwa ndani yetu. Tena kipindi kimoja kilieleza chanjo: kwamba askari huonyeshwa adui aliyekwisha kudhoofishwa, ili wamjue siku atakapokuja na nguvu zake. Siku za chanjo ya polio zilipofika, na watoto wengine wakakimbilia nyuma ya nyumba, sisi wa mkeka tulijipanga. Mama muuguzi aliuliza nani ametufundisha. Tulimjibu: “Televisheni, mama.” Akacheka, lakini aliandika majina yetu upesi, maana kazi yake siku ile ilikuwa rahisi.

Mtoto asiye na kwao

Sasa tuseme juu ya Rémi. Hadithi hii ni ya Hector Malot, Mfaransa, aliyeitoa kwa kitabu mwaka 1878. Wajapani waliifanya katuni ya vipindi 51 mwaka 1977. Rémi ni mtoto aliyeokotwa. Mume wa mama mlezi wake anamkodisha kwa mzee Vitalis, mwimbaji wa njiani, mwenye mbwa watatu na nyani mdogo. Wanakwenda kwa miguu mji hata mji, wakicheza mbele ya watu ili wapate mkate. Mbwa wawili wanaliwa na mbwa mwitu. Nyani anakufa kwa ugonjwa. Mwishowe mzee Vitalis mwenyewe anakufa kwa baridi, usiku, katika theluji. Sisi hatukuijua theluji, lakini kifo tulikijua. Vita vya miaka 1998 hadi 2003 vilileta wakimbizi wengi Lubumbashi kutoka kaskazini ya Katanga, na watoto wengine walifika bila baba wala mama.

Mmoja wao alikuja dirishani kila jioni. Alikuwa wa umri wetu. Jamaa waliompokea walisema kwamba yeye ni mchawi, kwamba ndiye aliyewala wazazi wake, wakamfukuza. Alilala sokoni, chini ya meza za wauza samaki. Wazazi wetu walitukataza kushika mkono wake au kupokea kitu kwake. Hakuomba kuingia.

Usiku ule Vitalis alipokufa, mkalimani alinyamaza. Hakukuwa na haja ya kugeuza maneno. Chumba kizima kililia, hata wakubwa waliojifanya wanakohoa. Ndipo yule wa dirishani akauliza kwa sauti ndogo: “Na yule mtoto, leo atalala wapi?”

Mama wa nyumba aligeuka. Alimtazama kitambo, kisha akasema: “Mwanangu, zunguka mlangoni. Nawa miguu, uingie.” Wengine waliinuka na kutoka kwa hofu. Sisi tulisogea, akakaa katikati yetu. Baada ya katuni mama alimpa bukari na sombe pamoja na watoto wake. Akalala kule siku ile, na kesho yake, na miaka minne. Majirani walisema mengi. Kuna waliokoma kumsalimu mama kwa muda mrefu. Hakuna aliyekufa katika nyumba ile. Mtoto yule alisoma, akajifunza kutengeneza pikipiki, na leo ana wake.

Hatusemi kwamba katuni ilimwokoa. Yule mama alimwokoa. Lakini twasema hivi: kwa majuma mengi tulifundishwa kumhurumia mtoto mgeni wa mbali, na siku moja huruma hiyo ilipata mtu wa karibu. Sheria ya kulinda mtoto, iliyotolewa katika nchi yetu tarehe 10 Januari 2009, yakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria ni njema. Hata hivyo lazima mtu wa kufungua mlango awepo.

Lawama za wazee

Wazee walizilaumu katuni zetu, na si bure. Walisema kwamba zinakula saa ya masomo na ya kuteka maji: kweli. Walisema kwamba ndani yake hakuna mtoto wa Kiafrika: kweli pia, kwa muda mrefu. Mwaka 1998 Michel Ocelot, Mfaransa aliyekulia Guinea, alitoa filamu ya Kirikou, mtoto mdogo sana wa kijiji cha Afrika Magharibi, kwa muziki wa Youssou N'Dour. Siku tulipoiona tulipiga makofi kwa kuona tu nyumba za udongo na wanawake wenye vibuyu. Naye Mkongomani mwenzetu, Jean-Michel Kibushi, ametengeneza filamu za kuchorwa kutoka katika hadithi za wazee, kama ile ya chura anayekwenda kwa wakwe zake. Watoto wangapi wa parokia zetu wameziona? Wachache. Hapo lawama si ya wageni tena, ni ya kwetu.

Tufanye nini?

Siku hizi mkeka umekunjwa. Mtoto hukaa pembeni na simu ya baba yake, peke yake, na kila katuni ya dunia imo mkononi mwake, mradi mega zipo. Katuni mpya si mbaya zote, wala za zamani hazikuwa njema zote. Lakini mtoto wa leo akilia, hakuna wa kulia naye. Akiuliza, hakuna wa kumjibu. Simu haisikii swali la mtoto wa dirishani.

Kwa hiyo, wazazi, twashauri mambo matatu. Kwanza, mtoto asitazame peke yake: keti naye hata nusu saa, au uwaite watoto wa jirani. Pili, hadithi ikiisha, mwulize aieleze kwa lugha ya nyumbani. Kwa njia hiyo atajua kama ameifahamu, nawe utajua imeweka nini moyoni mwake. Tatu, baada ya hadithi ya mbali msimulie na ya kwenu, ya Kabuluku au nyingine, ajue kwamba akili na huruma hazikuja na meli.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Sisi tulikunjwa juu ya mkeka wa jirani, na wa kututafsiria alikuwapo. Watoto wetu wasikose mkeka wala mkalimani.