Siku Moja Idjwi na Papa Shofere



Katika mkutano wetu wa siku ya posho, mama mmoja aliniuliza kama inafaa kweli kutumia feza kwa kukodi gari na shofere siku nzima, na karo ya shule inatungojea mwezi wa tisa. Nilimwambia nitajibu ndani ya gazeti letu. Basi nawasimulia ile siku yetu ya Idjwi, kisha kila mmoja atajipimia mwenyewe.

Idjwi iko katikati ya Ziwa Kivu. Kati ya visiwa vya ndani ya maziwa ya Afrika, ni cha pili kwa ukubwa, nyuma ya Ukerewe ya Ziwa Victoria. Ni teritware ya Kivu ya Kusini, yenye shefri mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Bwana yangu ni Muhavu wa kule. Mama yake, koko wa watoto wetu, aliishi kule mpaka alipokuja kukaa na sisi hapa Bukavu, na tangu wakati huo hakurudi hata mara moja. Kila likizo kubwa alikuwa anasema, "Mwaka huu tutaenda," na kila mwaka kulikuwa na kizuizi. Watoto wetu watatu walijua Idjwi kwa jina tu, na kwa mananasi ya sokoni.

Mwaka huu tulienda. Tulipanda boti, tukalala kwa ndugu upande wa Ntambuka, na asubuhi yake tukamchukua shofere. Kisiwani watu wengi wanatembea kwa miguu ao kwa moto, na magari ni machache. Lakini koko ana magoti mabaya, hawezi kukaa kwenye moto. Papa mmoja wa miaka kama hamsini alikuwa na jeep ya zamani. Alitaka dola 100, tukapatana 80, esansi ndani yake: kutoka kusini mpaka Bugarula, makao ya teritware, na kurudi mbele ya giza. Bei ni kali kwa sababu esansi yote inafika kwa boti. Nilitoa nusu asubuhi, nusu ingine ingetolewa jioni. Tulisema mapatano hayo mbele ya ndugu zetu, ili kusikuwe maneno nyuma.

Barabara ni ya udongo, inapanda na kushuka vilima. Vumbi liliingia mpaka ndani ya chikwange tuliyofunga. Lakini watoto walikuwa wanapiga kelele ya furaha kila kwenye kona, sababu ziwa lilikuwa linapotea na kutokea tena. Tuliona migomba, mashamba ya mihogo na maharagi, mananasi yaliyopandwa mistari mistari, na kahawa chini ya kivuli. Papa shofere alisimama kwenye miti ya kinkina, akawaonyesha watoto ganda ambalo wanatoa ndani yake kinini ya malaria. Mtoto wa pili alionja kidogo. Uso wake ulitufanya tucheke mpaka tukalia.

Saa sita tulikula sambaza wa kukaanga kando ya barabara. Mimi, mwalimu hata wakati wa likizo, nikaanza somo: samaki hawa hawakuwa wa hapa, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ziwa letu linapita metre 450 kwa urefu wa kwenda chini, na ndani ya maji ya chini kumejaa gesi. Mtoto wa mwisho aliuliza kama kuna mamba. Nikasema hapana, Kivu haina mamba wala kiboko, unaweza kuoga bila woga.

Koko alikuwa kimya tangu asubuhi. Pale akasema kwa Kihavu maneno machache, na bwana yangu akaacha kula. Mimi ni Mushi, lugha zetu ni za karibu, kwa hiyo nilisikia. Alisema: "Si mamba aliyenichukulia bwana."

Kisha akamwomba shofere ateremke na njia moja ndogo iliyoelekea ziwani, upande wa mashariki, kule ambako unaona vilima vya Rwanda.

Papa shofere alitikisa kichwa. "Mama, njia hiyo haiko ndani ya mapatano yetu. Ni mbaya, na esansi nimepima mpaka Bugarula tu." Bwana yangu naye alisema tuendelee, muda unapita. Nilimwangalia na nikaona kwamba si muda uliokuwa unamsumbua. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka sita. Katika miaka yetu yote ya ndoa, aliniambia tu kwamba "alikufa ziwani".

Nikauliza bei. Dola 10 zaidi. Bugarula tungeiacha. Watoto walinung'unika, sababu tuliwaahidi soko la Bugarula na biskuti. Nikasema, "Leo safari ni ya koko." Tukateremka.

Mwisho wa njia ni kighuba kidogo, mawe na mchanga mweusi kidogo, na pirogi mbili zimegeuzwa juu chini. Hakuna kitu cha kupiga picha. Koko alishuka, akashika bega la mtoto mkubwa, akatembea mpaka kwenye jiwe moja pana. Akaanza kusema. Watoto wetu, kwa kosa letu sisi wazazi, hawasikii Kihavu. Bwana yangu alikuwa amesimama mbali, ametugeuzia mgongo. Papa shofere ndiye alikaribia, akavua kofia, akaanza kutafsiri kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kuongeza.

Ilikuwa mwaka wa 1992. Feza ya Zaïre ilikuwa inapoteza nguvu kila juma. Ukiuza kahawa leo, nyuma ya mwezi mmoja feza ile haikununui hata chumvi. Ng'ambo, Rwanda, walilipa vizuri. Kwa hiyo wanaume wengi wa Idjwi walikuwa wanavusha kahawa usiku, bila taa, ili walinzi wa kila upande wasiwaone. Koko mwenyewe alibeba gunia moja kichwani mpaka kwenye jiwe lile. Walikuwa wanaume wanne ndani ya pirogi. Upepo ulipiga mbele ya alfajiri. Pirogi ilionekana. Wanaume hawakuonekana, hata mmoja.

Mtoto mkubwa aliuliza, "Koko, kwa nini walijaza magunia mengi vile?"

Koko alijibu, na papa shofere akangoja kidogo mbele ya kutafsiri. "Anasema: magunia mengine yalikuwa ya majirani. Nyuma ya matanga, majirani walikuja kuuliza kahawa yao. Alilima mashamba ya wengine miaka miwili, mpaka akamaliza deni. Anasema hakuwachukia. Nao walikuwa na watoto."

Hapo bwana yangu alikuja, akakaa chini kwenye mchanga karibu na mama yake. Hakusema kitu. Koko alichota maji kwa mkono, akamwosha vumbi la uso, sawa vile unamwosha mtoto. Watoto wetu walikuwa hawajaona baba yao akioshwa na mtu.

Mimi ninafundisha jiografia. Ziwa Kivu nimelichora ubaoni mara ngapi? Nimeandika urefu, nimeandika mito, nimeandika samaki. Lakini hakuna siku niliyoandika kwamba kuna wamama kwenye ufuko ule waliobeba gunia kichwani wakaacha bwana yao pale, na ni wengi.

Jioni nilimlipa papa shofere 50: 40 zilizobaki na zile 10. Alizipokea zote, na ni haki yake. Akaniambia, "Mama, asubuhi nilifikiri ninyi ni watu wa kupiga picha." Kisha akaenda kumuaga koko kwa mikono miwili.

Kesho yake, kwenye bandari, boti ilikuwa imejaa na jile za kuokoa maisha hazikutosha. Mtu wa boti alisema watoto watapakatwa, ziwa limetulia. Zamani ningekubali, sababu kazi ilikuwa inaningoja. Koko alikaa juu ya mzigo wake na kusema kwa Kiswahili, ili mtu yule asikie vizuri: "Mimi sipandi, na wajukuu wangu hawapandi." Tulilala siku ingine, tukapanda boti iliyofuata, kila mtoto na jile yake.

Basi, mama uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Kama mko na mzee ambaye hawezi kutembea tena, kodini gari, hata kwa nusu ya siku, hata kama ni kwa kuchangia jamaa mbili. Patana bei mbele ya watu, uliza esansi ni ya nani, usilipe yote asubuhi. Weka feza kidogo pembeni kwa njia ambayo haiko ndani ya mapatano. Na mbele ya kumwambia shofere muende wapi, muulizeni kwanza mzee.

Sisi sasa, kila jioni ya siku ya yenga, koko anafundisha watoto Kihavu. Wa mwisho tayari anajua kuhesabu mpaka kumi. Mkubwa ameomba tukirudi Idjwi, atafsiri yeye.