Chai Nyekundu na Maziwa ya Mama

Jumapili yangu ya kwanza Cape Town, jirani yangu, mama mtu mzima aliyezaliwa mtaa huo huo, alinikaribisha koesister, andazi lao lenye viungo na nazi, pamoja na kikombe cha rooibos. Kabla sijakishika, alishatia maziwa. Nilishangaa. Kwetu Tanga maji ya mchaichai tunayanywa makavu. Maziwa yana chai yake, ile ya majani yanayoshuka kutoka milima ya Usambara.

Rooibos haitoki kwenye mchai. Ni kichaka cha jamii ya kunde kinachoota huko Cederberg, kaskazini mwa Cape Town. Wakhoi na Wasan ndio waliokijua kwanza, na ni haki tupu kwamba mwaka 2019 wenye viwanda walikubali kuwalipa asilimia 1.5 ya bei ya shambani. Kikivunwa ni kibichi. Hukatwakatwa, hupondwa, hurundikwa na unyevu wake mpaka kigeuke chekundu, ndipo huanikwa juani. Hakina kafeini, na ukakasi wake ni mdogo. Nikawa najiuliza: kwenye chai ya kawaida maziwa hutuliza ukakasi unaokaza ulimi. Hii haikazi ulimi. Maziwa ya nini?

Jibu nililipata Tanga, nilipokwenda likizo. Mama chai ya usiku ilikuwa inamkosesha usingizi, nikamletea pakiti moja. Akainusa, akaonja kikombe kikavu, akakirudisha mezani.

"Nzuri, mwanangu, lakini hii ni dawa. Chai lazima ikae tumboni."

Akabandika sufuria: maji vikombe viwili, vijiko vitatu vya majani, iliki mbili alizozitwanga na kipande cha tangawizi. Akaacha itokote mpaka ikaiva rangi ya tofali. Hapo ndipo akamimina maziwa, akasimama nayo mpaka yakafura, akaepua, akachuja. Ilinukia asali, na maziwa hayakuifunika. Alikunywa vikombe viwili baada ya isha, akalala hadi adhana ya alfajiri.

Tangu siku hiyo sibishani tena na jirani yangu. Birika lake hushinda jikoni juu ya moto mdogo, na rooibos haiharibiki kwa kuchemka sana. Majani ya Usambara ukiyafanyia hivyo yanakuwa machungu. Kinachoiharibu rooibos ni haraka: mfuko uliochovywa dakika mbili, kisha maziwa baridi ya kwenye friji. Hayo ni maji meupe, na nimeyanywa katika nyumba nyingi za Waswahili wenzangu huku.

Basi wewe uliyeko Afrika Kusini, ukifunga mzigo wa kurudi kusalimia, mtilie mzee wako pakiti mbili. Ukifika, mpikie wewe mwenyewe, kwenye sufuria, na usiguse maziwa kabla ya dakika kumi.