Kazi Imepatikana Singapore, Mama Amebaki Mombasa

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba unahamia Singapore, swali la kwanza atakalokuuliza ni la chingamu. Ni kweli, uuzaji wake ulipigwa marufuku mwaka 1992. Lakini katika muda wa karibu miaka miwili niliyokaa huku, chingamu haijaninyima usingizi hata usiku mmoja. Kilichoninyima usingizi ni kodi ya nyumba.

Wenyeji walio wengi, takriban wanane katika kila kumi, huishi katika magorofa ya HDB, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1960. Wao huyanunua kwa mkataba wa miaka 99. Mgeni aliyekuja kwa kibali cha kazi hana ruhusa hiyo; yeye hupanga tu, na kodi yake si mchezo. Nami nimepanga chumba kwa mjane mmoja wa Kimalei, nimwitaye makcik, yaani shangazi.

Siku niliyofika alinifungulia mlango akasema, "Apa khabar?" Nilisimama na masanduku yangu nikidhani masikio yananidanganya. Habari! Tangu siku hiyo tumekuwa tukihesabu maneno jikoni. Sabuni kwao ni sabun, wakati ni waktu, meza ni meja, dunia ni dunia na bendera ni bendera vile vile. Mengine yalitoka kwa Waarabu na mengine kwa Wareno, waliotia nanga kule Malaka kama walivyotia nanga kwetu. Kimalei ndiyo lugha ya taifa, ingawa ofisini tunasema Kiingereza, na Kichina na Kitamili pia ni lugha rasmi. Mazungumzo mazima ya Kimalei hunipita, lakini mtu aliye ugenini hutulizwa moyo hata na neno moja.

Chakula si ghali ukila kwenye mabanda ya wapishi yaliyo kila mtaa. Anayetaka kuwekea meza huacha juu yake pakiti ya karatasi za kupangusia mikono, akaenda zake kupiga foleni, na hakuna atakayeigusa. Hebu jaribu hilo Kongowea! Gari ndilo usiloliwaza: mwaka 2023 cheti tu cha kuruhusiwa kuwa nalo kwa miaka 10 kilipita dola 100,000 za huku, gari lenyewe bado. Sisi wengine ni watu wa treni.

Mwaka jana magoti ya mama yalianza kumsumbua, nami ni mtoto wake wa pekee. Nikauliza kama anaweza kuja kuishi nami. Nilijibiwa kwa tarakimu: mwenye kibali kama changu ni lazima alipwe angalau dola 6,000 kwa mwezi ndipo amlete mume au mtoto, na 12,000 ndipo amlete mzazi. Mshahara wangu haufiki nusu ya hizo za pili. Mama anaweza kuja matembezi, aone mji, arudi. Tena mfuko wa akiba ya uzeeni ni wa raia na wakazi wa kudumu. Mgeni hujiwekea mwenyewe akikumbuka.

Sasa mkataba wangu unaisha, na mwajiri anataka nitie sahihi wa miaka mitatu. Fedha hizo ndizo zinazomlipa daktari wa mama na msichana anayekaa naye.

Singapore imeitangulia Kenya kwa saa tano. Mama akimaliza swala ya alfajiri, mimi huwa niko ofisini nikinywa chai ya saa nne, na hapo ndipo tunapopigiana simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Apa khabar?" Nilimfundisha, na sasa hachoki nalo.

Nilimweleza habari ya ile miaka mitatu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tia sahihi wa mmoja. Wa pili tutauzungumza nikiwa bado napanda ngazi."

Nimeomba mmoja. Mwajiri hajanijibu.