Elimu ya Jamii Humpeleka Mtu Wapi?

Ziko elimu ambazo majina yake yataja kazi zake. Asomaye utabibu atakuwa tabibu; asomaye sheria atakuwa wakili; asomaye ualimu atasimama mbele ya ubao kama mimi. Lakini asomaye sosholojia, yaani elimu ya jamii, atakuwa nani? Swali hili huulizwa sana na wazazi wa pwani yetu, toka Kilwa mpaka Lindi, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yatokapo. Wala si swali la upuuzi, maana wao ndio watoao fedha.

Kwanza tuseme elimu hii ni nini. Ni kuchungua jinsi watu wanavyokaa pamoja: ndoa na urithi, dini na unyago, tajiri na maskini, kijiji na mji, na sababu za mambo hayo kubadilika. Haja yake yaonekana hata katika mkoa wetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mitambo ililetwa, reli ikajengwa toka pwani, fedha nyingi zikatumika, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Walioupanga walifanya haraka. Hawakupima vema udongo wala mvua. Mtu aliyefunzwa elimu ya jamii angalianza kwa kuketi barazani na wakulima, awaulize habari za nchi yao.

Nachingwea hiyo hiyo yatupa mfano wa pili. Katika miaka ya 1960 palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Kiongozi wao, Eduardo Mondlane, alizaliwa mwaka 1920, akachunga mifugo utotoni, akasomeshwa na misheni ya Waswisi. Alipata shahada huko Oberlin, Marekani, mwaka 1953, na udaktari wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1960. Alifanya uchunguzi katika Umoja wa Mataifa, akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, kisha akaongoza FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Aliuawa kwa bomu mjini humo tarehe 3 Februari 1969. Elimu yake ilikuwa moja, na kazi zake tatu.

Wako na wengine waliosoma anthropolojia, iliyo ndugu ya elimu hii. Jomo Kenyatta aliisoma London, akatoa kitabu juu ya Wakikuyu mwaka 1938. Wakati wa vita akawa kibarua wa shamba huko Sussex, na mwaka 1964 akawa Rais wa Kenya. Okot p'Bitek wa Uganda alikuwa mwalimu na mcheza mpira, akasoma Oxford, akawa mtunga mashairi na mkuu wa jumba la maigizo la taifa Kampala.

Lakini hao ni watu mashuhuri, na mzazi hanunui unga kwa habari za marais. Mzee mmoja wa Kilwa Kivinje, ambaye nilimfundisha binti yake, alinijia kutaka shauri. Binti amepata nafasi ya kusoma elimu ya jamii chuo kikuu, na mzee alikuwa tayari kuuza mikorosho yake arobaini izaayo. Akasema, "Mwalimu, niambie kweli. Akimaliza, kazi yake ipo?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, kazi ziko nyingi, walakini hakuna hata moja iliyowekwa akiba kwa ajili yake."

Jibu hilo halikumpendeza. Basi nikamweleza. Wako waliosoma elimu hii ambao ni maafisa wa maendeleo ya jamii katika halmashauri. Wako wa ustawi wa jamii, wawatazamao watoto walioachwa na wazee wasio na mtu. Wengine wako katika kazi za sensa, na mashirika ya kutunza misitu na bahari, na makampuni ya gesi, yapaswayo kusema na wanakijiji kabla ya kuichukua ardhi yao. Wengine ni askari magereza, waandishi wa magazeti, wafanya biashara. Tena wako wanaokaa nyumbani miaka mingi, na shahada imo sandukuni. Mwajiri haulizi tu umesoma nini. Huuliza wajua kufanya nini. Ajuaye hesabu za takwimu, na kuandika taarifa iliyo safi, na kusema na wazee bila dharau, huyo hupata mlango mapema kuliko mwenziwe.

Nikamshauri asiiuze mikorosho, kwa maana yawalisha wadogo zake binti. Kwanza aombe Bodi ya Mikopo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, akijua ya kuwa mkopo ni deni, na binti atalilipa.

Akaniuliza, "Na angalikuwa binti yako?"

Nikasema, "Ningalimpeleka, lakini mikorosho nisingaliiuza."

Akanyamaza kitambo. Kisha akaniomba niende nyumbani kwake, nimwambie mkewe maneno yale yale, maana yeye peke yake hangesadikiwa. Nikaenda.

Basi, ndugu waalimu, tusiwatie wazazi tamaa kwa kuzisifu shahada, wala tusiwatie hofu kwa kuzidharau. Bwana wetu alifundisha habari ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba aketi kwanza akahesabu gharama. Yatupasa kuketi pamoja nao katika hesabu hiyo, na kuwaambia wanafunzi wetu mapema, tangu kidato cha tano, ya kwamba elimu ya jamii yafungua njia nyingi, lakini kila njia yadai ufundi wake, nao ufundi huo hujifunzwa kabla ya safari.